Alipokelewa na Nani? Kumtafuta Babu wa Karne ya 19 Kati ya Mpanda na Karema

Mwezi Oktoba 1871 msafara mmoja ulikatiza Ukonongo, kwenye misitu ambayo leo imo katika mkoa wa Katavi, ukiwa umebeba bendera ya Marekani. Njia iliyozoeleka ya Unyanyembe kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu, hivyo wasafiri walilazimika kuzungukia kusini. Walipumzika kwa mtemi Mrera, wakapenya Ukawendi, na tarehe 10 Novemba wakatokea Ujiji. Mkuu wao alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na aliyemuuliza kwao wapi alijibiwa Marekani. Wakonongo waliomuuzia chakula hawakuwa na sababu ya kutia shaka. Kumbe hata jina alilotembea nalo halikuwa lake la utotoni. Henry Morton Stanley alizaliwa Januari 1841 mjini Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alifika New Orleans mwaka 1859 akiwa kijana wa kazi za melini, na ni huko alikojitwalia jina la mfanyabiashara mmoja wa mji ule.

Kilichomfichua ni kitabu cha ubatizo. Kanisa la Denbigh lilikuwa limeandika jina la mtoto, jina la mama yake, Elizabeth Parry, na neno la kueleza kwamba mtoto amezaliwa nje ya ndoa. Sifa za Ujiji zilipomfanya maarufu mwaka 1872, watu wa Wales walianza kumtambua, naye akawa anakana, na akaendelea kukana miaka mingi.

Namtanguliza Stanley kwa sababu moja. Mmarekani huyo wa karne ya 19 aliyepita kwetu kwa miezi michache amechunguzwa hadi siku aliyobatizwa. Watu waliombebea mizigo, waliomwonyesha visima na kumvusha mito, wana vitukuu na vilembwe huko Inyonga, Mpimbwe, Karema na Mpanda mjini, na vilembwe hao wengi hawawezi kutaja jina la mtu wa wakati ule zaidi ya mtemi. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia.

Mmarekani anayemtafuta babu yake wa karne hiyo ana pa kuanzia. Sensa ya mwaka 1850 ilikuwa ya kwanza nchini kwake kuandika jina la kila mtu huru katika kaya; kabla ya hapo aliandikwa mkuu wa kaya peke yake. Sensa ya 1890 iliharibiwa karibu yote na moto wa mwaka 1921, na watafutaji wa nasaba wanailia mpaka leo. Lakini kwa Wamarekani weusi msiba ni mkubwa kuliko moto. Katika orodha za 1850 na 1860 mtumwa aliandikwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wake, na jina lake mwenyewe likaachwa. Mwaka 1870, vita vimekwisha na utumwa umefutwa, ndipo mamilioni ya watu walipotokea katika sensa kwa majina, wakiwa watu wazima, kana kwamba wameumbwa mwaka ule. Ukitaka kuvuka hapo kurudi nyuma, inakubidi umtafute bwana: wosia wake, hati zake za mauzo, madeni yake. Mtu anatafutwa kupitia aliyemshika.

Katavi nayo ina mpaka wa namna hiyo, nao uko kwenye miaka ya 1880. Kabla ya hapo hakuna kitabu cha ubatizo, hakuna daftari la kodi wala hati. Kuna masimulizi ya watemi, makaburi yao, miiko ya koo, na maandishi ya wapita njia waliokuwa na haraka ya kufika kwingine. Aliyezoea kuuliza babu alizaliwa na nani atakwama upesi, kwa kuwa karne ya 19 katika nchi hii iliwatenganisha watu na wazazi wao kwa wingi wa kutisha. Baada ya kusoma na kusikiliza kwa muda mrefu, nimeamini kwamba swali linalofungua mlango ni hili: alipokelewa na nani?

Sababu inaanzia kwenye ardhi yenyewe. Wabende walikaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na katika milima iliyo juu yake. Wapimbwe walikaa upande wa bonde la Rukwa, na Wakonongo katika misitu ya miombo inayoelekea Inyonga hadi mipaka ya Unyamwezi. Nchi ilikuwa kubwa na watu walikuwa wachache. Ardhi haikumfanya mtu kuwa mkubwa, maana ilikuwepo ya kumtosha kila mwenye jembe. Mtemi alihesabiwa kwa watu wake: wanaolima, wanaowinda, wanaosimama ukutani adui akija. Mgeni aliyefika na njaa, mkwe aliyekimbia ugomvi kwao, mwindaji wa tembo aliyependezwa na mahali, wote walikuwa faida. Walipewa pa kujenga, wakapewa mke, na watoto wao wakashika miiko ya wenyeji. Hata mzimu ambao mkoa umepewa jina lake, Katabi, ambaye Wabende humkumbuka kuwa mwindaji mkuu na watu humpelekea sadaka chini ya mkwaju ulio karibu na ziwa lake, alikuwa wa yeyote aliyetaka baraka za mawindo katika nchi ile.

Misukosuko ilianza kabla ya misafara mikubwa. Zwangendaba, aliyewaongoza Wangoni kutoka kusini mwa Afrika, alifariki Ufipa mnamo 1848, na wafuasi wake wakagawanyika. Kundi la Watuta lilielekea kaskazini, likafika hadi Ujiji katika miaka ya 1850, kisha likakaa magharibi mwa Unyamwezi. Desturi ya Wangoni ilikuwa kuwaingiza mateka katika jamii yao: kijana aliyetekwa alifanywa askari, msichana alifanywa mke, na baada ya kizazi kimoja mtoto wao alijitambulisha kuwa Mngoni. Kwa hiyo, ikiwa ukoo wako una simulizi la babu aliyekuja na Watuta, usikimbilie kudai damu ya Uzulu. Huenda alitekwa Ufipa, siku chache tu za mwendo kutoka hapo ulipo.

Ndipo pembe zikaita. Tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akaanza kazi huko akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho bara zima lilikijua kwa jina la merikani, zikarudi na pembe za ndovu, gundi ya sandarusi na karafuu. Pembe nyingi ziliishia katika bonde la mto Connecticut, kwenye vijiji vya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vya Pratt, Read na vya Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vibao vyembamba vya kufunika funguo za piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, merikani iliadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake sokoni. Mtu wa Connecticut anayemfuatilia babu aliyekuwa fundi wa piano hana budi siku moja kuinua macho kutoka kwenye sensa yake na kujiuliza tembo wale waliuawa wapi, na nani aliyabeba meno yao hadi pwani.

Waliyabeba watu wa huku. Mkonongo aliyeshuka pwani na mzigo begani alihesabiwa huko kuwa Mnyamwezi, kama walivyohesabiwa wengi waliotoka bara la magharibi. Hili ni jambo la kushika vizuri kwa wenye babu aliyebaki Bagamoyo au Zanzibar: kabila lililoandikwa pwani ni jina la kazi na la njia kuliko la nyumbani. Na majina nayo yalibadilika. Mpagazi aliyeondoka kwao na jina la msimu au la tukio aliorodheshwa kwa Juma, Mabruki au Baraka, na akarudi nalo. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi mashuhuri wa misafara, alikamatwa akiwa mtoto kwao kusini, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji, akauzwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Alitembea na Burton na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron hadi pwani ya magharibi. Jina alilokufa nalo ni la mji wa mabwana. Msafara wa 1871 uliongozwa basi na watu wawili waliojulikana kwa majina ya kupewa, mmoja Mwelsh na mmoja Myao. Kwa yule Mwelsh tunajua hata jina la mama yake.

Katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 nchi ya Mpimbwe na mwambao wa Karema ziliguswa na watu wawili wenye bunduki. Simba alijijengea utawala Usowa na kukusanya wapiganaji. Stanley alimtaja kuwa mwana wa Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe. Mirambo wa Urambo alikuwa akipanua himaya yake kuelekea kusini. Vijiji vilivyotawanyika vikajikusanya ndani ya maboma ya magogo, na humo walichanganyika Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, watoro, warugaruga waliochoka vita na wanawake waliotekwa. Mimi naliona boma kuwa ndilo tumbo lililozaa koo nyingi za leo. Mzee wa Mpimbwe akikuambia kwamba babu yake alitoka bomani kwa fulani, amekupa habari nzito kuliko jina la kabila, kwa sababu amekutajia aliyempokea.

Wazungu nao waliingia ndani ya vita hivyo bila kuvielewa. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kupitia jumuiya yake ya kimataifa ya Afrika, alimtuma Kapteni Cambier ambaye Agosti 1879 alianzisha kituo Karema. Mwaka huohuo waliletwa tembo wanne wa India pamoja na wafugaji wao, chini ya Mwairishi Frederick Carter, kujaribu kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Watatu walikufa njiani na mmoja tu, jike, alifika ziwani Desemba 1879, naye hakumaliza mwaka uliofuata. Juni 1880 Carter mwenyewe, akiwa safarini kurudi pwani na mwenzake Cadenhead, aliuawa Mpimbwe wakati majeshi ya Mirambo na Simba yalipouvamia mji. Vifo vya Wazungu wawili viliandikwa katika magazeti ya Ulaya na familia zao zikapelekewa habari. Wapimbwe waliokufa siku ileile hawakuandikwa popote, na waliosalia wakatawanyika kwenda kupokelewa na wengine.

Kutoka upande huu wa ziwa ilianza pia habari ya Lusinga, inayowauma wajukuu wa ng'ambo hadi leo. Luteni Émile Storms alishika uongozi wa Karema mwaka 1882, na mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha Mpala, upande wa Kongo. Desemba 1884 wapiganaji wake walimuua chifu Lusinga wa milima ya Marungu, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Baadaye liliingia katika mikusanyo ya makumbusho, na limekaa Ubelgiji zaidi ya karne. Ukoo unaoweza kusema fuvu la babu yao liko katika kabati gani, na bado haujalizika, una swali la nasaba ambalo hakuna sensa inayoweza kulijibu. Karatasi za Storms ziko Tervuren, katika Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati, na hapohapo ziko karatasi za Stanley. Mtu wa Katavi mwenye nia ya kusoma habari za karne ile ana safari ndefu kuliko aliyofunga Stanley.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Karema Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, na hapo ndipo vitabu vinapoanza. Mapadre waliwakomboa watoto kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, wakawapokea waliokimbia maboma, wakawakusanya vijijini kuzunguka ngome ya zamani. Kila kituo kiliagizwa kuandika shajara, na kila ubatizo, ndoa na mazishi vikaingia daftarini. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa mwambao huu, asiye mtemi wala kiongozi wa msafara, aliandikwa jina lake na siku yake.

Miongoni mwa waliofika Karema hakuna anayenigusa kama Adrien Atiman. Alizaliwa mnamo 1866 Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu. Alikuwa mtoto alipokamatwa na Watuareg na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Mapadre Weupe walimkomboa. Walimsomesha, kisha wakampeleka Malta, kwenye chuo ambacho Lavigerie alikifungua mwaka 1881 ili vijana wa Kiafrika wasomee uganga na kurudi barani wakiwa madaktari na makatekista. Mwaka 1888 akatumwa Tanganyika. Mtoto wa Niger, aliyelelewa Algeria na kusomea Malta, alishuka Zanzibar, akatembea ile njia ya wapagazi kwa miguu, akafika Karema mwaka 1889. Hakuondoka tena. Alitibu watu hapo na katika vijiji vya jirani hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67, akipita enzi ya Wajerumani na vita vyao, akiingia ya Waingereza, na akikosa kuuona uhuru kwa miaka mitano. Dawa za Ulaya zilipokwisha alitumia miti ya huku, ambayo alijifunza kwa wenyeji.

Sasa jaribu kuchora nasaba yake kwa utaratibu uliozoeleka. Upande wa baba utaishia kijijini kando ya Niger, kwenye kumbukumbu ya mtoto aliyechukuliwa kabla ya kujua babu wa babu yake ni nani. Lakini uliza alipokelewa na nani, na karatasi inajaa. Alipokelewa na mapadre waliomkomboa, na walimu wa Malta. Karema alipokelewa na Wabende: alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Kibende, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe wa nchi. Mtoto wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Kwa upande wa mama, padre huyo alikuwa mtu wa pale tangu zamani zisizohesabika. Kwa upande wa baba aliunganisha mwambao wa Tanganyika na mto ambao hakuna Mbende aliyewahi kuuona. Mzee Atiman alisimulia maisha yake mwenyewe, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Nyumba ya Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House, na wengi wanaopita mbele yake hawajui kwamba ni jina la mtoto wa utumwani aliyekuwa daktari wa Karema.

Kuna aliyepokelewa kutoka upande wa pili wa dunia pia. Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa 1842 na kuwa askari wa Papa, alikuja kulinda vituo vya ziwani dhidi ya wawinda watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, akaishi na kuzikwa ng'ambo, karibu na Moba, mwaka 1927. Familia ya Joubert ya Ufaransa ikitaka kumkamilisha babu huyo lazima ije kuuliza Mpala, kwa wakwe.

Anayetaka kuvitumia vitabu vya misheni avisome kwa subira. Jina la ubatizo halimtoshi mtafutaji, maana Maria na Yosefu ni wengi mno. Angalia jina la pili, lile la nyumbani, hata kama padre wa Kifaransa au Kiholanzi ameliandika kwa masikio yake. Angalia kijiji. Na kwa mtoto aliyekombolewa asiyewajua wazazi wake, mwangalie msimamizi wa ubatizo, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyekuwa mzazi kwa maana zote za maisha. Kisha fuata maandishi ya pembeni, ambako ndoa iliyofungwa kituo kingine huandikwa baadaye. Mtu aliyebatizwa Karema anaweza kuonekana tena Mamba au Inyonga kwa njia hiyo, na ghafla ukajua alihamia wapi.

Karne ya 20 ilitikisa tena kila kitu. Wajerumani walileta kodi ya kichwa na daftari zake. Mwaka 1915 waliiteremsha majini Kigoma meli ya Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, na Waingereza wakaiinua na kuipa jina la Liemba. Vizazi vya watu wa ziwani vimesafiri nayo kwenda harusini na misibani. Lakini kilichohamisha watu wengi kuliko vita ni ndorobo. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulisambaa katika misitu ya magharibi, na serikali ya Kiingereza ikawakusanya watu katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Vijiji vya Ukonongo na Ubende vilivyokuwa mwendo wa siku nzima kutoka kimoja hadi kingine vikawekwa bega kwa bega. Nyuma yalibaki makaburi, mashimo ya chumvi, mikwaju ya matambiko, na msitu ukayafunika. Sehemu ya nchi hiyo ni ya wanyama sasa. Hifadhi ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Ukoo wenye mizimu ndani ya mpaka wa hifadhi unamwendea babu kwa kibali.

Makazi ya malale yalifanya jambo moja zuri kwa mtafutaji: watawala waliandika. Maofisa wa wilaya walikaa na wazee, wakanakili orodha za watemi na habari za koo katika vitabu vya wilaya, ambavyo nakala zake zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Visomwe kwa tahadhari. Mzee aliyeulizwa na bwana shauri alijua kwamba jibu lake lingeamua nani awe mtemi, na orodha nyingi zilinyooshwa kwa ajili hiyo. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, orodha hizo zikabaki karatasi, ila ugomvi wake ungali ukisikika vilabuni na misibani.

Mji wa Mpanda wenyewe ni mtoto wa madini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mgodi wa risasi ulivuta reli kutoka Kaliua, na pamoja na reli wakaja Wanyamwezi, Waha, Wafipa na wengine wa kazi za shimoni na za njia. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na watu wengi nao wakabaki. Mapema miaka ya 1960 wakimbizi kutoka Rwanda walipewa ardhi katika milima ya Mwese. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta makumi ya maelfu ya watu walioingizwa Katumba, na baadaye Mishamo, kwenye msitu mtupu wa miombo ambao waliugeuza kuwa mashamba. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ikawahamisha wenyeji kwa mara nyingine. Tangu hapo Wasukuma wameshuka na ng'ombe zao hadi Mpimbwe. Sensa ya 2012, mwaka ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka mara mbili katika miaka kumi, na wazee wa Kipimbwe na Kikonongo wamekuwa wachache katika nchi ya babu zao.

Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba wageni wameifuta historia ya Katavi. Nakubali uchungu wao juu ya ardhi na malisho, ambao ni wa kweli. Juu ya historia sikubaliani nao hata kidogo. Mkonongo anayejiona mwenyeji halisi leo, ukipanda naye ngazi za ukoo hadi 1870, utamkuta bibi aliyetekwa Ufipa, babu aliyetoroka Urambo, na mpagazi aliyechoka njiani akaoa. Waliwahi tu kupokelewa mapema.

Na hapo ndipo akina mama wanapokuwa muhimu kuliko tulivyozoea kukiri. Masimulizi ya koo tunayorithi yanatajwa na wanaume kupitia wanaume, ilhali katika karne ya vita na utekaji wanaume ndio waliokuwa wakipita, wakifa na kubadilisha majina. Katika desturi ya Kinyamwezi mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa alikuwa wa upande wa mama, na watoto wa namna hiyo walikuwa wengi wakati baba ni mpita njia asiye na ng'ombe wala jembe la kutoa. Kwa hiyo anza na mama wa bibi yako. Uliza mahari yake ilipokelewa na nani, aliyepokea alikuwa baba yake au aliyemlea. Uliza nani alichimba kaburi lake na watani gani walikuja kutania siku ile, kwa kuwa watani wanaujua ukoo wako hata pale ninyi wenyewe mmeusahau. Kisha nenda parokiani na jina moja la hakika mkononi, badala ya kwenda na kabila.

Yapo ya kufanya sasa, kabla wajuao hawajafa. Madaftari ya zamani ya parokia za mwambao na za Mpimbwe yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zikae Mpanda ambako mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifikia kwa bodaboda. Shajara za Karema zilizoko Roma na karatasi zilizoko Tervuren ziombwe kwa nakala na zitafsiriwe Kiswahili, kwa sababu zinawahusu watu wanaozungumza Kiswahili. Na wazee wa Katumba na Mishamo warekodiwe kama wanavyostahili kurekodiwa wazee wa Inyonga. Walipoandikishwa kuanzia mwaka 2007, kila kaya ya waliokuja 1972 iliulizwa ni akina nani na ingependa kuwa raia wa wapi, na zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya zamani ya Katavi na Tabora wakapata uraia wa tajnisi, vyeti vikianza kutolewa mwaka 2014. Mafaili hayo yana majina ya waliovuka mpaka na ya watoto waliozaliwa upande huu. Kwa familia za Katavi, hakuna orodha kubwa kuliko hiyo ya watu na siku waliyopokelewa.